Bustani ya Umma Pwani ya Cabo Delgado: Ipangwe Kabla ya Jembe

Avukaye Mto Ruvuma kwenda kusini na kuifuata pwani kupitia Palma na Mocímboa da Praia hajihisi yuko ugenini. Wenyeji wengi husema Kimwani, lugha iliyo jamaa ya karibu ya Kiswahili, na Kiswahili chenyewe hufahamika. Shamba huitwa machamba, hata na asemaye Kireno. Ni nchi ya samaki, muhogo, minazi na mikorosho.

Pwani hiyo imepatwa na misukosuko mikubwa. Mashambulizi yalianzia Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba, 2017. Tarehe 25 Aprili, 2019 Kimbunga Kenneth kikapiga jimbo hilo na kuangusha miti na nyumba. Agosti 2020 mji wa Mocímboa da Praia ukatekwa, ukakombolewa Agosti 2021. Na Palma ilivamiwa tarehe 24 Machi, 2021. Kufikia mwisho wa mwaka 2022, watu wapatao milioni moja walikuwa wameyahama makazi yao kaskazini mwa Msumbiji. Majeshi ya Rwanda na ya SADC, wakiwemo askari wa Tanzania, yalipoingia mwaka 2021 kuyasaidia majeshi ya Msumbiji, wananchi walianza kurudi. Arudiye aghalabu hukuta mtumbwi haupo, mbegu hana, na shamba limekuwa msitu ambao hathubutu kuuingia peke yake.

Ndipo lizaliwapo wazo la bustani ya umma: eneo moja lililo karibu na makazi, kisima kimoja, mikono mingi. Hatuna ubishi na wazo hilo, na askari anayelisaidia tunampongeza. Lakini kulima matuta ya kwanza ni kazi ya juma moja. Kazi iliyo ngumu ni kuamua bustani hiyo itakuwa ya nani, na itakuwa na nini ndani yake, baada ya miaka mitano.

Somo hili sisi tulilipata kwa aibu. Tulipokuwa maofisa wapya, tumetoka chuoni juzi juzi tu, kikosi chetu kilifungua bustani pamoja na wanakijiji wa jirani. Hatutakitaja kikosi wala kijiji. Mchicha ulisitawi, bamia zikazaa, wakubwa wakaja kupigwa picha, nasi ndio tulioandika habari yake kwa maneno mazito. Mwaka uliofuata kikosi kikahamishwa. Pampu ilikuwa mali ya kikosi, ikapakiwa lorini pamoja na mahema. Mwenye eneo akafika, akasema alikuwa ameazima tu. Tulipopita huko tena hapakuwa na kitu ila nguzo za uzio, nazo zilikuwa zikichomolewa kwa ajili ya kuni. Habari hiyo ya pili hatukuiandika.

Basi tuanze na ardhi. Sheria ya Ardhi ya Msumbiji, namba 19 ya mwaka 1997, iliiweka ardhi yote mikononi mwa Dola, lakini ikaitambua haki ya jamii iliyoikalia kwa mila zake, hata kama haina hati, na pia haki ya mtu aliyeitumia kwa nia njema kwa muda usiopungua miaka 10. Maana yake ni kwamba pori lililo kando ya kijiji, ambalo mgeni hulidhania halina mwenyewe, mara nyingi lina mwenyewe. Naye huenda bado yuko ukimbizini. Kuligawa asipokuwapo ni kumpokonya mara ya pili.

Sheria hiyo hiyo ina kifungu kinachomhusu askari moja kwa moja. Iliweka ukanda wa mita 100 kuzunguka maeneo ya kijeshi, na mwingine wa mita 100 kutoka mahali maji ya bahari yanapofika yakijaa kabisa, kuwa maeneo ya hifadhi ambamo mwananchi hawezi kupata haki ya kutumia ardhi, isipokuwa apewe leseni maalum ya kazi fulani. Sasa tafakari, ndugu askari. Kwa kuwajali wananchi, kamanda huwaonyesha kiwanja kilicho chini ya ulinzi wake, karibu na uzio wa kambi. Kwa usalama ni pazuri kuliko pote. Kwa sheria, ni mahali ambapo jasho lao la miaka 10 halitawapa haki yoyote. Tungependa kila kamanda apime hatua kwanza, kisha ndipo aonyeshe kwa kidole.

Jambo la pili ni miti, na hapa mila za pwani zina maneno mengi kuliko sheria. Mtu wa mwambao hukuazima ardhi upande kunde, matembele au nyanya bila kinyongo, kwa kuwa mazao hayo huondoka na msimu. Mwambie unataka kupanda mnazi, naye atakaa kimya. Mnazi huishi miaka mingi kuliko aliyeupanda. Na katika sehemu nyingi za pwani ya Waswahili mti una mwenyewe na ardhi ina mwenyewe, nao si lazima wawe mtu mmoja. Kupanda mnazi ni kutia nanga. Kwa hiyo mpango wa bustani unaotaja mikorosho na miembe ili upendeze katika karatasi waweza kuzusha ugomvi kati ya waliorudi na waliobaki, kati ya mwenyeji na mhamiaji. Kwa maoni yetu, miaka miwili ya kwanza iwe ya mboga tu. Miti ingoje makubaliano yenye mashahidi, yatamkwe wazi kwamba matunda ni ya nani na kivuli ni cha nani.

Wanaodhani tunatia chumvi watazame rasi ya Afungi, wilayani Palma. Watu wa kijiji cha Quitupo walihamishwa kupisha mradi wa gesi, wakajengewa nyumba Quitunda. Nyumba ni kazi ya fundi. Mashamba ya kufidia yalipotafutwa, yalipatikana katika ardhi ya vijiji vya jirani, kama Senga, nayo manung'uniko yakaanza, maana ardhi ile haikuwa tupu.

Maji nayo yana hila yake. Mvua za pwani ile huanza yapata Desemba na kwisha Aprili. Bustani ya mboga, basi, hufanya kazi yake kubwa wakati wa kiangazi, wakati ule ule kisima kinapopungua. Karibu na bahari maji matamu huwa yameelea juu ya maji ya chumvi. Pampu yenye nguvu ikivuta kupita kiasi, chumvi hupanda, na maharage ndiyo hutangulia kunyauka. Anayepanga idadi ya matuta mwezi wa Machi, kisima kimejaa, hujidanganya.

Kisha kuna mambo ambayo askari pekee ndiye awezaye kuyapanga. Mboga humwagiliwa alfajiri na jioni, saa ambazo amri ya kutotembea hukataza watu njiani. Mkulima achague lipi? Saa hizo ziafikiwe kabla ya mbegu kununuliwa, na kila zamu ya doria ijulishwe. Mahindi na muhogo, kwa kuwa huficha mtu, yakae mbali na njia. Mchicha na vitunguu vikae karibu.

Na mapato? Katika jimbo hili hili, Lázaro Nkavandame aliunda ushirika wa wakulima wa pamba mwaka 1957 katika uwanda wa Mueda. Baadaye akawa kiongozi wa FRELIMO wa Cabo Delgado wakati wa vita vya ukombozi, akalaumiwa kwamba yeye na wenzake walijinufaisha kwa mazao ya wakulima, na mwaka 1969 akajisalimisha kwa Wareno. Kinyume chake, katika miaka ya 1980 vyama vya ushirika vya kanda za kijani za Maputo, ambavyo wanachama wake wengi sana walikuwa wanawake, vilizalisha chakula kwa ajili ya mji uliozongwa na vita. Tungeshauri basi daftari la bustani lishikwe na mmoja wa akina mama wanaoteka maji, si na mtu wa ofisini.

Askari naye ni mnunuzi. Fungu la mchicha "la kuonja" likichukuliwa kila siku na kila zamu, ni kodi, liitwe jina lolote. Alipe bei ya sokoni, pale pale.

Kikao kifaacho kuyapitisha hayo ni cha Novemba, kisima kikiwa chini kabisa, mwenye eneo akiwepo au jamaa yake, pampu ikiandikwa kwa jina la kijiji, na ofisa wa kikosi akiwa ameketi safu ya nyuma.