Rangi Nne za Ramani Hazitoshi Kivu Kusini

Ramani iliyobandikwa darasani kwangu, hapa Kadutu mjini Bukavu, ina rangi nne. Magharibi, kuelekea baharini, ni Kikongo. Kando ya mto na kaskazini-magharibi, pamoja na Kinshasa, ni Lingala. Kwa watu wa Kasai ni Tshiluba. Upande wetu wote wa mashariki, tangu Ituri mpaka Lubumbashi, umepakwa rangi moja ya Kiswahili. Hizo ndizo lugha nne za taifa zilizotajwa katika kifungu cha kwanza cha Katiba ya Kongo ya 2006, na lugha rasmi ni Kifaransa. Watoto wa darasa la kwanza wanaipenda sana ramani hiyo. Mimi ninayeipa mgongo kila siku nikifundisha, siiamini.

Daftari la kuandikisha wanafunzi ndilo lililonifanya nisiiamini. Kila Septemba nawauliza wazazi nyumbani wanasema lugha gani, na karibu wote wanajibu Kiswahili. Nikiuliza bibi ya mtoto anasema nini, majibu yanatawanyika: Mashi ya Kabare na Walungu, Kihavu cha Kalehe na kisiwa cha Idjwi, Kitembo cha Bunyakiri, Kirega cha Mwenga na Shabunda, Kinyindu, Kifuliiru na Kivira cha Uvira, Kibembe cha Fizi. Hapo bado sijatoka katika jimbo letu la Kivu Kusini na wilaya zake nane. Nchi nzima ina majimbo 26 na lugha zaidi ya 200.

Mimi mwenyewe nimetoka katika mchanganyiko huo. Baba alikuwa Mrega wa Mwenga, mama ni Mushi wa Walungu. Baba hakusikia Mashi, mama hakusikia Kirega, na wote wawili walikuwa wameokota Kiswahili mjini, basi kikawa lugha ya nyumba. Waligombana kwa Kiswahili na kupatana kwa Kiswahili. Mama akiwa na siri na dada zake, hapo waliingia Mashi, na sisi watoto tukajifunza Mashi kwa kudukua siri hizo. Kirega hakikuwa na wa kukinong'ona naye pale nyumbani, kwa hiyo tulibaki na salamu na majina ya baba wadogo na mashangazi.

Nyumba za namna hiyo ndizo zilizokipa Kiswahili mji wa Bukavu. Misafara ya wafanyabiashara wa pwani ilikuwa imekifikisha Maniema katika karne ya 19, Kasongo na Nyangwe zikawa ngome zao, na mwaka 1887 Tippu Tip, Mzanzibari, akafanywa gavana wa Stanley Falls, ambako leo ni Kisangani. Lakini vilima vya Bushi, nchi ya wasema Mashi, havikuwa vituo vya misafara hiyo. Kwetu Kiswahili kilienea zaidi wakati wa Wabelgiji, pamoja na makarani, wamisionari na mashamba ya chai na kwinini. Mji uliitwa Costermansville hadi miaka ya 1950, Wazungu wakikaa kwenye rasi za ziwa na wafanyakazi wakipanda huku juu Kadutu. Mtu aliyeshuka kutoka Walungu akapanga chumba ukuta kwa ukuta na Mbembe wa Fizi, angemwomba chumvi kwa lugha gani? Kiswahili hakikuwa cha mwenye kilima yeyote. Mushi aliyekisema hakuonekana amejinyenyekeza kwa Mrega, wala Mrega kwa Mushi, na mpaka leo hiyo ndiyo nguvu yake kuu.

Jiografia nayo ilisaidia. Ukipiga mstari ulionyooka kutoka Bukavu, Kinshasa iko umbali wa kilomita kama 1,500, na Dar es Salaam kama 1,250. Saa za Kinshasa ziko nyuma ya zetu kwa saa moja, kwa hiyo wao wakiketi mezani kula jioni, sisi tunaosha sahani. Nchi ina kilomita za mraba 2,345,000, karibu mara mbili na nusu ya Tanzania. Kwenda makao makuu tulizoea kupanda ndege Kavumu. Februari 2025, mji ulipoingia mikononi mwa waasi wa M23, ndege za abiria nazo zikasimama. Bidhaa zetu nyingi zinatokea mashariki, kwenye bandari za Dar es Salaam na Mombasa, na madereva wanaozileta wanakuja na Kiswahili chao.

Lingala kilitufikia kwa njia mbili, muziki na jeshi. Muziki tuliupokea kwa mikono miwili, na hapa Kadutu utawakuta watu wanaoimba wimbo mzima wa Kinshasa bila kuelewa nusu yake. Jeshi ni habari nyingine. Kwa mtu wa rika langu aliyekua wakati wa utawala wa Mobutu, Lingala kilikuwa sauti ya mwanajeshi barabarani anayekuomba karatasi, na ukimjibu kwa Kiswahili anakutazama kama mgeni. Halafu mwaka 1996 vita vya waasi wa AFDL vilianzia huku kwetu, na Mei 1997 kiongozi wao Laurent-Désiré Kabila akaingia Kinshasa na askari wake vijana walioitwa kadogo, wengi wao wakisema Kiswahili. Siku hizo ndugu zetu wa Kinshasa walikisikia Kiswahili kama sisi tulivyokisikia Lingala, yaani kama lugha ya mwenye bunduki. Chuki ya lugha katika nchi yetu, ukiichimba, mara nyingi utakuta chini yake kizuizi cha barabarani.

Anayetaka ramani ya kweli ya Kivu Kusini aende soko la Nyawera asubuhi. Mama wa Kabare ameshusha mashu, yaani kabichi, kutoka mgongoni. Mteja anauliza bei kwa Kiswahili, na mama anaitaja kwa Kifaransa, maana hesabu ya pesa hapa wengi wetu tunaifanya kwa Kifaransa, hata wasiokaa shuleni zaidi ya miaka miwili. Mteja akisalimia "Asinge" na kuendelea kwa Mashi, mama anacheka, anamwita "binti yangu", na bei inashuka. Nimeona ikishuka kwa mtu ambaye Mashi yake haikuzidi salamu. Hatua chache mbele, muuza mawese anabishana na mwenzake kwa Kirega, na yule wa ndakala, yaani dagaa, za Uvira anahesabu mifuko kwa Kifuliiru. Kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine unavukia kwa Kiswahili. Ukikitoa Kiswahili, soko linagawanyika vipande vipande. Ukizitoa zile nyingine, soko litabaki, ila kila kitu kitakuwa ghali zaidi.

Kiswahili chenyewe ni chetu. Kitabu cha darasa la kwanza kinasema "Watoto wanacheza." Wanafunzi wangu wanasema "Batoto beko banacheza," na wakitafuta kitu wanauliza kiko "fasi gani". Wageni kutoka Tanzania wanatabasamu, wengine wanasahihisha kabla hawajasalimiwa. Sioni aibu yoyote. Lugha zetu za vilimani zinaanza na "ba" pale wanaposema "wa", na lugha ikisafiri hivyo hupokea desturi za nyumba ilimofikia. Sanifu naifundisha, tena kwa bidii, kwa sababu Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022 na mtoto huyu kesho atasaini mkataba Nairobi au Arusha. Ila simwambii kwamba mama yake anasema vibaya.

Shuleni ndiko mambo yanapokwama. Sheria ya elimu ya 2014 inatambua lugha za taifa na za mazingira katika kufundishia watoto wadogo. Ni sheria nzuri. Lakini mtihani wa taifa wa darasa la sita unafanywa kwa Kifaransa, na wazazi wanajua hesabu hiyo kuliko waziri yeyote. Mzazi akiwa na pesa kidogo ya ziada anampeleka mtoto kwenye shule ya binafsi ambako kusema Kiswahili uwanjani ni kosa. Shule niliyosoma mimi ilikuwa na kipande cha ubao chenye kamba. Ukikamatwa unasema lugha ya nyumbani, unavalishwa shingoni mpaka umkamate mwenzako. Mwalimu anayedhani kipande hicho kinafundisha Kifaransa hajui kufundisha. Kilitufundisha kuchongea.

Na wakati Kifaransa na Kiswahili vinagombania darasa, lugha ya bibi inaondoka bila mtu kuisindikiza. Mashi ina afadhali, maana vilima vyake viko hapo juu tu na soko linaihitaji kila siku. Kirega, Kitembo, Kinyindu vinafika mjini na wazazi na kuishia kwao. Siwalaumu wazazi peke yao. Vita vimefundisha watu wengi kwamba ni salama zaidi kutotambulika: katika nchi hii matamshi ya neno moja yamewahi kutosha kumfanya mtu aambiwe si mwenzetu, na Banyamulenge wa milima ya Itombwe, ambao lugha yao inakaribiana na Kirundi na Kinyarwanda, wanaijua habari hiyo kwa uchungu. Wapo pia wasemao kwamba makabila ndiyo yaliyotuua, basi heri Kiswahili kitupu. Sikubaliani nao. Waliochoma vijiji walikuwa na lugha ya kutosha ya kuelewana na waliowachomea. Walichogombania ni ardhi, madini na madaraka.

Wazazi wenzangu, likizo kubwa huanza Julai. Ambaye njia ya kijijini kwao inapitika, ampeleke mtoto kwa bibi mpaka Septemba, bila simu yenye intaneti. Ambaye njia yake imefungwa, bibi huenda yuko hapa hapa Panzi au Bagira, amekimbilia kwa shangazi, anashinda peke yake uani. Mpeni mtoto, na mwambieni bibi asimsemeshe Kiswahili hata neno moja. Kiswahili atakipata barabarani, na Kifaransa niachieni mimi.