Mtoto wa Mbwa Mkubwa Asikuzwe Haraka

Mjini Morogoro, kuanzia Kihonda hadi Bigwa, anayetaka mlinzi wa nyumba mara nyingi hutafuta chotara, mama wa kienyeji na baba German Shepherd, kwa sababu ya umbo lake. Mtoto huyo wa mbwa akishafika nyumbani hushindiliwa chakula ili afikapo miezi sita atishe wapita njia. Haraka hiyo ndiyo inayomharibu. Mbwa mwenye umbo dogo humaliza kukua karibu na miezi kumi, lakini huyu huhitaji mwaka mzima hadi mwaka na nusu, na muda wote huo ncha za mifupa yake bado zina gegedu laini. Uzito ukiitangulia mifupa, miguu hupinda na nyonga hulegea. Nchini Marekani watafiti walifuatilia Labrador 48 tangu wakiwa wadogo, ndugu wa tumbo moja wawili wawili, mmoja akila pungufu ya mwenzake kwa robo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2002: waliopunguziwa waliishi karibu miaka miwili zaidi, na maumivu ya viungo yalichelewa kuwafika.

Wapo watakaosema huo ni uchoyo, na kwamba majirani watamwona mbwa ana njaa. Lakini kipimo ni kiganja, si macho ya jirani. Kipitishe ubavuni: mbavu zihisike bila kubonyeza, na ukimtazama kutoka juu kiuno kionekane. Akikonda huku tumbo limejaa kama ngoma, mara nyingi hiyo ni minyoo, na kumwongezea ugali hakutamsaidia, anahitaji dawa. Mwenye mbwa ampe chakula mara tatu kwa siku hadi miezi sita, kisha mbili: ugali kidogo na dagaa waliopikwa wazima, maana miiba yao ina kalsiamu. Nyama tupu haina kalsiamu ya kutosha. Kwa upande mwingine, anayelishwa chakula kamili cha dukani asiongezewe vidonge vya kalsiamu wala unga wa mifupa, kwa kuwa utumbo wa mtoto mdogo hauwezi kuzuia kinachozidi. Unga ulioota ukungu usimfikie kabisa. Sumukuvu, yaani sumu itokanayo na ukungu wa nafaka, iliua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, na mbwa hudhurika nayo upesi sana.

Hoja nzito zaidi ni hii: mbona mbwa wa Mgeta na Matombo hukua wakipanda na kushuka milima ya Uluguru bila kupimiwa chochote? Ni kweli, ila hao ni wepesi wa mwili, na tunaowaona ni wale waliosalimika. Waliokufa wachanga hakuna anayewahesabu. Chotara mzito aachwe acheze na kupumzika apendavyo, asikimbizwe mteremkoni kwa kamba, wala asifungwe mnyororo mchana kutwa.

Chanjo nazo zisingoje akue. Ugonjwa wa parvo huua watoto wa mbwa ndani ya siku chache, hivyo kinga yake huanza akiwa na wiki sita hadi nane na kurudiwa. Ya kichaa cha mbwa hutolewa akitimiza miezi mitatu. Afisa mifugo wa kata au hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo atamwandikia mwenye mbwa tarehe ya kurudi.