Nembo Kwenye Bango (2): Kutoka Pikseli Hadi Vekta

Juma lililopita makala haya yalieleza kuwa picha ya pikseli ni mkusanyiko wa vijisanduku vya rangi. Nembo yenye pikseli 200 kwa upana ikichapwa kwenye bango la mita 2, kila pikseli huwa na upana wa sentimita 1, na duara hutoka na kingo za ngazi. Anayeipeleka nembo hiyo kwa wachapaji wa Kariakoo, tena aliyotumiwa kwa WhatsApp, huulizwa kama hana nyingine.

Vekta haina vijisanduku. Huhifadhi maelekezo tu: anza hapa, pinda hivi, ishia pale, jaza nyekundu. Hesabu za mikunjo hiyo zilizaliwa kwenye viwanda vya magari vya Ufaransa. Paul de Casteljau wa Citroën alizibuni mwaka 1959, kampuni ikazifanya siri, na jina likabaki la Pierre Bézier wa Renault.

SVG, muundo wa faili za vekta, uliidhinishwa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, Septemba 2001. Mwaka huohuo mwanahisabati Peter Selinger alitoa Potrace, programu ya bure inayogeuza pikseli kuwa vekta. Ndiyo inayofanya kazi hiyo ndani ya Inkscape, programu ya kuchora vekta.

Potrace inajua nyeusi na nyeupe tu. Hufuata mpaka wa rangi hizo mbili, huuchora upya kwa mistari michache iliyonyooka, kisha huamua kila pembe ibaki kali au ilainishwe. Doa lisilozidi pikseli 2 huhesabiwa uchafu na kutupwa. Mtumiaji anaweza kukipandisha kiwango hicho ili kufuta vumbi ambalo JPEG huacha kando ya herufi, ila akizidisha, hata nukta za herufi i hufutika. Kwa nembo ya rangi nyingi, Inkscape hurudia kazi hiyo kwa kila rangi na kupanga matabaka.

Picha ya uso wa mtu ni habari nyingine. Hugeuka maelfu ya mabaka, na faili huweza kuwa zito kuliko la awali. Iachwe ilivyo.

Hata hivyo, programu hizi hukisia, hazirudishi kilichopotea. Unayemlipa msanifu akuchoree nembo, dai faili la SVG siku hiyohiyo unayokabidhiwa JPEG.