Uchunguzi wa Hitilafu za Umeme katika Gari Lifunguliwalo kwa Rimoti, pamoja na Maneno ya Mafundi

Makusudi ya makala haya ni kueleza jinsi fundi umeme atafutavyo ubovu katika gari lifunguliwalo kwa rimoti, na kuonyesha kwamba kazi hiyo hutegemea sana neno litumiwalo. Jambo hili lina uzito mahali kama Simbo, katika Wilaya ya Kigoma, ambako mwenye gari huenda akalazimika kueleza ubovu kwa simu kwa fundi aliye Ujiji au Kigoma mjini. Neno likikosewa, kifaa kitakacholetwa si kile kitakiwacho, na fedha imekwisha kwenda.

Tuanze na neno "shoti". Mtu aliyerushwa na umeme husema amepigwa shoti. Fundi asemapo shoti hutaka kusema umeme umekatiza njia, ukarudi katika betri pasipo kupita katika chombo ulichokusudiwa. Tena wako waitao shoti kila hitilafu. Lakini waya uliokatika ni kinyume cha shoti: katika waya huo umeme haupiti kabisa, na katika shoti hupita kupita kiasi hata fyuzi ikaungua.

Sasa tutazame uchunguzi wenyewe. Sehemu kubwa ni tatu: rimoti itoayo mawimbi ya redio, kipokezi kilichomo garini, na mota zisukumazo vitasa. Fundi hubonyeza kwanza swichi ya kufunga iliyo katika mlango wa dereva. Milango yote ikifunga, mota zina umeme wa kutosha, na ubovu utafutwe katika rimoti au kipokezi. Usipofunga hata mmoja, aanze na betri ya gari na fyuzi. Ukikataa mmoja tu, atazame mota na nyaya za mlango huo.

Betri ya rimoti kwa kawaida ni ya volti 3, nayo ndiyo huchoka kwanza. Kama iko rimoti ya pili nayo yafungua, gari halina kosa. Aagizaye rimoti nyingine aangalie mawimbi yake: magari mengi yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hutumia megahezi 315 hivi, na ya Ulaya 433. Rimoti ya huku haisikiwi na gari la kule.

Nyaya za mlango hupita katika mpira ulio penye bawaba, nazo hukunjwa kila mlango ufunguliwapo. Shaba yaweza kukatika ndani, ganda likabaki zima. Ukisalia uzi mmoja, mita huonyesha volti 12, lakini taa ya kujaribia haiwaki vema. Ndiyo maana kauli ya mafundi "moto upo" haitoshi. Hapana budi kujua kama moto huo waweza kufanya kazi. Vivyo hivyo "ethi" mbovu, yaani waya wa kurudishia umeme uliolegea au kuliwa na kutu, huzuia kazi ijapokuwa moto wafika.

Fyuzi ikiungua tena mara ibadilishwapo, hapo ndipo pana shoti. Kuweka fyuzi kubwa zaidi, au kipande cha waya, ni kuualika moto wa maana yake ya asili.

Basi, yafaa watungao kamusi watenge maana hizi: shoti, waya kukatika, kukosa moto na ethi mbovu. Mafundi wanazo tayari. Kazi iliyobaki ni kuziandika.