Jina la Beer-sheba

Leo tusome jina moja la Kiebrania lililomo katika Biblia: Beer-sheba. Liandikeni kwa vipande viwili. "Beer" maana yake kisima. "Sheba" ni saba. Msishangae kuwa yafanana: saba yetu imetoka Kiarabu, na Kiarabu na Kiebrania ni lugha ndugu.

Saba ya nini? Mwanzo, sura ya 21, chatueleza. Watumwa wa mfalme Abimeleki walimnyang'anya Ibrahimu kisima alichokichimba. Nchi ile ni kavu. Mwenye mifugo akikosa kisima amekwisha. Ibrahimu hakupigana. Alitenga wana-kondoo wa kike saba, akampa mfalme wawe ushahidi kwamba kisima ni chake, kisha wote wawili wakaapa.

Na kwa Kiebrania, neno la kuapa lina shina lenye herufi zilezile za saba! Kwa hiyo wengine hutafsiri "Kisima cha Saba", wengine "Kisima cha Kiapo". Mimi naona yote mawili yafaa. Hatusomi habari ya hati yo yote. Jina lenyewe lilikuwa hati.

Sasa someni mstari wa 22 hadi wa 34, kwa sauti, mkipokezana.