Dozi ya methadoni haisubiri dhamana

Chukulia kijana wa Pasiansi aliyeacha unga. Kila asubuhi hupanda daladala hadi kliniki ya methadoni katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Sekou Toure, hunywa dozi mbele ya muuguzi, kisha hurudi sokoni kubeba mizigo. Siku moja anakamatwa kijiweni pamoja na wenzake. Dozi ya kesho yake ataipata wapi?

Sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 2015, iliyorekebishwa 2017, ni kali kwa wafanyabiashara. Adhabu hufika kifungo cha maisha. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai nayo huwanyima dhamana, na Agosti 2020 Mahakama ya Rufani ilisema kifungu hicho hakikiuki Katiba. Lakini kifungu hicho kinamtenga aliyekutwa na kiasi kisicho cha biashara. Huyo anaweza kudhaminiwa. Tatizo ni mdhamini: ndugu wamemchoka, na hakuna wa kumfuatia barua serikali ya mtaa.

Kitabibu, siku hizo za mahabusu ni nzito. Akikosa dozi, arosto huanza baada ya siku moja au mbili: miayo, makamasi, maumivu ya viungo, kutapika na kuhara. Asiyepewa maji ya kutosha huishiwa nguvu.

Hata hivyo, hatari kubwa ipo siku ya kutoka. Mwili uliokaa wiki kadhaa bila dawa haukihimili tena kipimo cha zamani. Akikirudia, pumzi inaweza kukata.

Ndugu wafanye nini? Mpelekeeni askari wa zamu kadi yake ya kliniki, na iarifuni kliniki mapema. Akitoka, aende kwanza kliniki. Wahudumu ndio watakaopanga upya dozi, kwa kuanzia chini. Asionje dozi ya mwenzake. Mkimkuta haamki, anakoroma isivyo kawaida au midomo imebadilika rangi, mlazeni ubavu na mkimbizeni hospitali.

Methadoni ilianza kutolewa Muhimbili mwaka 2011, kwa mpango wa Serikali hiyo hiyo yenye funguo za mahabusu. Tunapojadili ukali wa sheria, tuulize pia nani atampelekea mgonjwa dozi yake akiwa ndani.