Ukungu Ulionyimwa Maji

Haya wanangu, kaeni vizuri niwasimulie jinsi ukungu ulivyonyimwa maji. Ukungu mnaujua: ule unaoota juu ya mkate uliosahauliwa kabatini. Mbegu zake ni ndogo mno, macho hayazioni, nazo zinaelea hewani hata hapa tulipo. Zikitua juu ya embe lililoiva na kupasuka, zinapata utamu, zinapata maji, na siku chache baadaye embe si embe tena. Sasa niambieni: jemu nayo ni tunda, tena ni tamu kuliko embe lolote. Mbona inakaa chupani miezi na miezi bila kuoza?

Wengi watasema ni moto. Moto una kazi yake, tutaifikia. Lakini mlinzi mkubwa ni sukari. Sukari inapenda maji kupita kiasi. Inyunyizieni juu ya kipande cha nanasi, msubiri kidogo, mtaona maji yanachuruzika sahanini. Jemu iliyopikwa sawasawa huwa na sukari kama asilimia 65 ya uzito wake, na maji yaliyobaki yote yameshikwa na sukari hiyo. Ukungu unatua, unatafuta tone la kunywa, haupati. Ni kama mtu aliyefika kisimani akakuta kila ndoo ina mwenyewe. Ndiyo maana anayepunguza sukari ili kuokoa pesa huishia kumwaga chupa nzima.

Madukani mtakuta jemu ya stroberi na ya nanasi. Mimi nataka mjue ya choya, ambayo wengi wenu mnaiita rozela. Mmea huu asili yake ni Afrika, unastawi hata Dodoma penye mvua haba, na sisi tumezoea kuunywa tu kama juisi. Ni haki yake tuupe heshima zaidi ya hiyo.

Chukua choya moja mkononi uitazame. Ua lake, la manjano hafifu lenye jicho jekundu lililokolea katikati, limekwisha kunyauka na kuanguka. Kilichobaki ni ganda nene jekundu lenye ncha tano. Livunje: linakatika kwa mlio. Litafune: uso unakunjamana kwa ukali. Ndani yake kuna kifuko cha kijani chenye mbegu, kina vinyoya vifupi vinavyokwaruza vidole. Wanaotengeneza juisi hukitupa kifuko hiki. Sisi hatukitupi!

Sababu ni pektini. Mwaka 1825 mkemia Mfaransa, Henri Braconnot, aliieleza. Ni kitu kilichomo kwenye kuta za seli za mimea, ndicho kinachozishikanisha. Tunda changa likiwa gumu, pektini ina mkono wake hapo. Likiiva kupindukia, pektini inavunjika na tunda linalegea. Ukiichemsha pamoja na ukali na sukari, pektini hujisuka upya ikawa wavu mwembamba unaoshika maji, na huo ndio mgando wa jemu. Bila pektini mnapata sharubati nzito tu. Sasa tazameni choya ilivyojigawa: ukali uko kwenye ganda, pektini nyingi iko kwenye kile kifuko cha kutupwa. Ukiwa na mmea mmoja tu, unabakiza kununua sukari.

Kwa hiyo menya, weka maganda kando na vifuko kando. Vifuko vioshe, vitie kwenye sufuria, mimina maji yavifunike, chemsha kwa moto wa wastani nusu saa hivi, mpaka ile rangi ya kijani ififie na uanze kuona mbegu kwa ndani. Chuja. Maji yale yakipoa kidogo yashike kati ya vidole viwili: yanateleza. Pektini hiyo umeigusa.

Sasa tia maganda ndani ya maji hayo, yachemke mpaka yalainike kabisa. Usiharakie sukari, maana ikitangulia maganda hubaki magumu kutafuna. Yakishalainika pima kwa kikombe: kikombe kimoja cha rojo, kikombe kimoja cha sukari. Koroga mpaka iyeyuke, kisha ongeza moto. Sufuria iwe ya chuma cha pua, kwa kuwa ukali wa choya hula alumini na kuacha ladha ya bati. Na hapa nasema kwa msisitizo: mtu mzima awepo, nanyi msimame mbali na mwiko. Jemu inayotokota ina joto kupita maji ya moto, na ikirukia ngozi haichuruziki, inang'ang'ania.

Utajuaje imeiva? Usawa wa bahari, kama Dar es Salaam au Tanga, jemu huiva kwenye nyuzi 104 au 105. Dodoma iko juu, kama mita 1,100, maji huchemka kabla ya kufika 100, basi na jemu huiva mapema: hesabu nyuzi 4 au 5 juu ya joto ambalo maji huchemkia hapo ulipo. Huna kipimajoto? Poza kisahani, dondoshea tone, ngoja lipoe, lisukume kwa kidole. Likikunjamana juu, ipua. Likikimbia, rudisha moto.

Chupa na vifuniko viwe vimechemshwa dakika kumi, vingali vya moto, maana jemu ya moto hupasua kioo baridi. Jaza karibu na mdomo, funga hapo hapo. Jemu ikipoa inajivuta na kufyonza kifuniko kikabonyea katikati. Kazi hii ya chupa ilianzishwa na Mfaransa Nicolas Appert, mtengeneza peremende, aliyeweka vyakula kwenye chupa, akaziba kwa kizibo na kuchemsha. Mwaka 1810 serikali ya Ufaransa ilimtuza faranga 12,000. Yeye mwenyewe hakujua kwa nini chakula hakikuoza; kwamba moto huua vijidudu vinavyoozesha chakula kulielezwa na Louis Pasteur zaidi ya nusu karne baadaye. Mikono yake ilitangulia elimu, na mimi namheshimu kwa hilo.

Weka chupa gizani, mwanga hufifisha wekundu. Ukishafungua, tumia kijiko kikavu, kwani kijiko chenye maji kinaupelekea ukungu kinywaji. Ukiuona umeota, usikwangue juu ukala chini, tupa yote.

Msimu wa choya ukikatika, jaribuni pasheni. Juisi yake ina ukali wa kutosha, na pektini iko kwenye maganda yale yanayotupwa. Yachemsheni mpaka sehemu nyeupe ya ndani ivimbe na kulainika, ikwangueni kwa kijiko, ipondeni, ichanganyeni na juisi na mbegu zake, halafu pimeni sukari kwa kikombe kile kile. Bungo pia lina ukali mzuri, ila kokwa zake ni nyingi, mtazichuja mpaka mchoke.